Hodi Kwenye Uwanda wa Magharibi

Mkaidi alizimika kwa mara ya nne asubuhi ile katikati kabisa ya uwanda wa magharibi, mahali ambapo huoni jiwe wala kivuli. Hakukohoa, hakusitasita. Alikata tu. Taa ya mbele ikafumba, mota ikanyamaza, skii zake mbili zikateleza hatua chache kwa mazoea, na upepo wa Kibo ukabaki peke yake ukifanya unavyotaka. Aikande, aliyekaa nyuma ya dereva, alifumba macho akahesabu hadi kumi ili asiseme neno ambalo mama yake hakumlea kulisema.

"Mimi sijagusa kitu," alisema Shekiondo, dereva.

"Sijakuuliza, kaka."

"Najua. Lakini mgongo wangu unajua ukitazamwa."

Tuseme ukweli, pikipiki ya theluji ni chombo cha kuchekesha hata ikiwa nzima. Ina usukani wa pikipiki na kiti cha pikipiki, lakini mbele haina gurudumu, ina skii, na nyuma inasukumwa na mkanda mpana wa mpira wenye meno. Kituo cha Barafu kilikuwa nazo tatu. Mbili zilikuwa gereji, zimevuliwa mikanda. Ya tatu ndiyo hii, Mkaidi, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa.

Nyuma yake kilifungwa kitelezi cha mizigo, na juu ya kitelezi betri moja yenye uzito wa wanaume wawili walioshiba, imefunikwa turubai. Ilikuwa inapelekwa kwenye kibanda kilichoko mwisho wa uwanda, ambako betri ya zamani ilikufa jana. Bila betri, mikono sita ya swichi iliyomo kibandani haiwezi kuwasha nyaya za joto. Nyaya zisipowaka, barafu haiyeyuki, na barafu isipoyeyuka, mifereji sita ya huko chini inabaki kavu. Zamu ya maji ilikuwa ianze saa nane kamili mchana, na zamu huja mara moja tu kila wiki mbili. Sasa ilikuwa saa nne na robo.

Mfereji wa sita ulikuwa wa ukoo wa Mashayo, ukoo wake Aikande. Siku mbili za kwanza za mfereji huo zilikuwa za mama yake, Ndeanasia, aliyekuwa na miche mia mbili ya kahawa kihambani, shamba lake la nyumbani, na siku kumi na mbili bila tone la maji. Jana mama alimpigia simu akamweleza, bila kulalamika, kwamba miche imeanza kukunja majani. Ndeanasia hakuwa mtu wa kulalamika. Akikwambia majani yamekunja, ujue jambo limefika pabaya.

"Shuka, kaka," alisema Aikande. "Nimfungue tena."

* * *

Ufundi wa umeme una adabu yake. Huanzi na unachokidhania, unaanzia pale umeme unapoanzia, unaufuata hatua kwa hatua kama unavyomfuata mbuzi aliyekata kamba, mpaka ufike mahali nyayo zinapopotea. Aikande alikuwa amefundishwa hivyo, naye aliwafundisha wengine hivyo, ingawa moyoni alikuwa na hamu ya kukipiga kile chombo teke.

Alivua glavu ya juu akabaki na ile nyembamba. Akaweka mita kwenye vichwa vya betri ya Mkaidi. Betri ilikuwa imejaa. Vichwa aliviparua kutu juzi, vilikuwa vinang'aa. Fyuzi zote nzima. Akafuata waya wa usukani, ule ambao kosa lake alilipata wiki iliyopita: ulikuwa unasuguana na chuma kila dereva anapokata kona, ngozi yake ikalika hadi shaba ikaonekana. Aliufunga kwa tepu mikunjo mitatu, akajisifu mbele ya watu kwamba Mkaidi amepona. Tepu ilikuwa bado imekaa vizuri. Aibu ndiyo ilikuwa imeongezeka.

"Labda ni baridi," alisema Shekiondo, akipigapiga miguu. Alikuwa mtu wa Lushoto, mwenye miaka hamsini na kitu, na kwa miaka tisa ya kuishi juu ya barafu hajawahi kukubali kwamba baridi ya Kibo ni kitu cha kawaida. "Mimi mwenyewe nimezimika. Shika hapa bega, uone kama kuna umeme."

"Wewe hujawahi kuwaka."

"Haya. Nimenyamaza."

Akafika kwenye rilei kubwa, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya umeme kwenda kwenye mota. Ilikuwa imefungua. Haikuungua wala kukwama, ilikuwa imeamriwa kufungua. Na mwenye kuamuru ni kidhibiti, kile kisanduku cheusi kilicho chini ya kiti, ambacho kazi yake mojawapo ni kumlinda dereva: kikihisi umeme unatembea kwenye bodi ya chombo, mahali usipotakiwa, kinakata kila kitu papo hapo. Basi kulikuwa na umeme kwenye bodi. Unatoka wapi?

Alichomoa waya wa taa. Akachomoa wa honi, akachomoa wa vipasha joto vya mikono, Shekiondo akaguna kwa uchungu. Hakuna kilichobadilika. Kisha, bila mtu kukigusa, kile kisanduku cheusi kikarudisha umeme chenyewe. Rilei ikalia: ta. Ikakata, ikalia tena: ta. Na tena. Halafu kimya, kama dakika nzima. Halafu ta, ta, ta.

"Hiyo nayo ndiyo imeanza leo," alisema Shekiondo. "Kila akizima, kabla hajawaka, analia hivyo. Nilidhani ni meno yangu."

Aikande alisikia lakini hakuzingatia, maana akili ilikuwa kwenye boliti ya nyuma ambapo waya wa bodi umefungwa. Ili aifikie ilibidi auondoe mnyororo. Mnyororo huo aliufunga yeye mwenyewe miezi miwili iliyopita. Shekiondo alikuwa analalamika kwamba kila akishuka anapigwa na cheche kwenye vidole, cheche za msuguano tu, basi Aikande akafanya kama wafanyavyo madereva wa malori ya mafuta: akaning'iniza kipande cha mnyororo kwenye chuma cha nyuma, kiburuzike chini kikimwaga umeme. Gereji nzima ilimsifu. Sasa aliunyanyua, akautupia juu ya kiti, akainama na spana.

Mkaidi akawaka. Taa ikafumbua, mota ikaanza kuimba.

Wakatazamana. Aikande akaushusha mnyororo mpaka ukagusa theluji. Baada ya muda mfupi Mkaidi akazimika. Akaunyanyua. Akawaka.

Shekiondo alicheka mpaka akakaa chini. Kwenye mita elfu tano na mia saba, kicheko ni kazi ngumu, mtu hukilipia pumzi. "Wiki tatu," alisema akihema. "Wiki tatu tunamfungua, kumbe ni hereni uliyomvisha wewe."

Aikande naye akacheka, kwa sababu ya kufadhaika zaidi kuliko furaha. Tatizo limeisha. Ilikuwa saa tano kasoro, kibanda kiko mwendo wa saa moja, miche ya Mae, mama yake, itapata maji. Kilichobaki ni kuufungua ule mnyororo, kuutia kwenye boksi la vifaa na kuondoka.

Lakini fundi ni fundi. Theluji kavu haipitishi umeme. Mnyororo ukining'inia juu ya theluji ni sawa na ukining'inia hewani. Hata ile kazi yake ya kwanza, ya kuondoa cheche, haukutakiwa kuiweza, na uliiweza. Akachukua mita, akashika ncha moja ya mnyororo, ncha nyingine akaiacha chini kwenye barafu.

Mshale wa mita uliruka. Ukalala, ukaruka. Ukalala, ukaruka mara ya tatu. Kisha ukatulia kama dakika nzima.

* * *

Aikande alikuwa na miaka minane alipoona Kibo kikiwa uchi. Bibi yake alimwonyesha mlima wa kijivu akamwambia pale palikuwa peupe, na yeye akadhani bibi anamtania. Halafu wakaja wapandaji, si wa mlima bali wa barafu. Walipanda nyuzi juu ya majivu ya kileleni, nyuzi nyembamba kuliko unywele, zenye tabia mbili tu: zikipata jua zinajitia umeme, na zikijitia umeme zinavuta ukungu kutoka hewani na kuugandisha. Walipanda mstari mmoja mmoja kama mtu anavyopanda maharage. Mwaka wa kwanza palionekana ukungu mweupe usiozidi unene wa shuka. Mwaka wa tano watu walikuwa wanavaa miwani ya jua. Nyuzi zilikuwa zinaota zenyewe, zinazaa nyingine, na barafu inapanda juu yake.

Kisha, miaka ishirini na miwili iliyopita, zikaja nyaya za joto na mikono sita ya swichi, ili barafu igeuzwe maji kwa mpango. Kuliitishwa mkutano wa kamati za mifereji. Marehemu baba yake Aikande alisimama mbele ya wahandisi, na Aikande, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa amekaa nyuma amebeba koti lake.

Kwenye mifereji yao kuna utaratibu. Mtu akitaka maji na mlango wa mfereji uko kwa mwenzake, hafungui. Anagonga jiwe la mlango kwa kisigino cha jembe mara tatu, anasubiri. Mwenzake akigonga mara moja, maana yake subiri, bado natumia. Akigonga mara mbili, chukua. Asipojibu, unaendelea kusubiri. Aikande alishawahi kusubiri na baba yake kwenye jiwe hilo toka alfajiri hadi mchana, njaa inamuuma, na alipouliza kwa nini wasifungue tu maana hakuna anayewaona, baba alimtazama kwa namna ambayo hakuuliza tena.

"Hata huko juu," baba aliwaambia wahandisi, "hizo nyaya zenu zisianze kuchukua kabla hazijagonga."

Wahandisi walicheka, lakini waliandika. Haikuwa na ugumu wowote. Waliiagiza mitambo itume mapigo matatu mafupi ya umeme ndani ya barafu kabla joto halijawashwa. Ta, ta, ta. Kamati zikaridhika, watu wakapiga makofi. Na hakuna aliyekumbuka kuwauliza kuhusu kusubiri. Mapigo matatu, na sekunde hiyohiyo joto. Kila wiki mbili, kwa miaka ishirini na miwili, walikuwa wanapiga hodi na kuingia bila kungoja karibu.

Aikande alibaki ameshika mnyororo. Mshale wa mita uliruka tena mara tatu.

"Kaka Shekiondo," alisema, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe, "nipe lile turubai."

* * *

Waliingia chini ya turubai wote wawili, wakalala kifudifudi, kama watoto wanaojenga nyumba kwa kanga za mama yao. Aikande alipangusa theluji kwa mkono mpaka akafikia barafu yenyewe, safi kama kioo cha dirisha. Mwanzoni hawakuona kitu ila giza la kijani. Shekiondo alianza kusema kwamba magoti yake si ya umri huu.

Ndipo ikaja.

Ilitoka mbali, upande wa genge. Ilikuwa nuru hafifu ya samawati, iliyopita ndani ya nyuzi zote kwa pamoja, maelfu kwa maelfu ya nyuzi zilizoshikana chini huko, zilizosukwa na mkono ambao hakuna aliyeuona. Ilipita chini ya vifua vyao ikaenda zake kuelekea kileleni. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu. Kisha giza.

Hakuna aliyezisuka. Wapandaji walipanda mistari, na mistari haikutakiwa hata kukutana.

Shekiondo aliacha habari za magoti. Alisema taratibu, "Subhanallah." Nuru ikapita tena mara tatu. "Hii kitu inafanya nini, dada?"

Aikande alimweleza habari za jiwe, jembe na mapigo matatu. Alieleza vibaya, akirukaruka. Alitaka kulia na hakujua ni kwa furaha au kwa aibu. Shekiondo alisikiliza mpaka mwisho.

"Unataka kuniambia barafu inaomba maji."

"Inaomba zamu. Inaomba isichukuliwe. Uwanda huu msimu uliopita ulichukuliwa mara mbili mfululizo, unakumbuka, ule wa kaskazini ulipokuwa na hitilafu. Unene wake umebaki nusu."

"Au ni kasuku. Kasuku wa shangazi yangu alikuwa anasema hodi siku nzima, na hakutaka kuingia popote."

Lilikuwa neno zuri. Walitoka chini ya turubai wakakaa kwenye kitelezi, mwanga ukiwaumiza macho. Kibo kilikuwa kinang'aa kila upande, kimya, na Aikande alikitazama kama mtu anayemtazama jirani wa miaka mingi na kugundua leo kwamba jirani huyo anajua jina lake.

"Huenda ni kasuku," alisema mwishowe. "Lakini kasuku hasemi hodi kwa kuchagua siku. Leo ni siku ya zamu. Umesema mwenyewe, huo mlio umeanza leo. Wiki tatu nzima anazima hovyo, na leo ndiyo analia ta mara tatu tatu."

Shekiondo alivuta kofia yake masikioni. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini mizaha ilikuwa imemwisha. "Dada, mimi nakuheshimu. Sikiliza. Huko chini kuna vijiji sita. Mimi mfereji sina, kwetu Lushoto mvua inanyesha yenyewe. Lakini nimewaona watu wakipanga madumu. Sasa wewe uende ukawaambie, leo hakuna maji, barafu imekataa? Hiyo si haki. Fungua mnyororo huo, utie kwenye boksi, twende. Ukishaufungua haitabisha tena. Kesho utaandika ripoti, waje wenye akili zao waangalie."

"Nikiufungua haitabisha tena," alirudia Aikande.

"Ndiyo. Sekunde tano tu."

"Hapana, kaka. Itabisha. Sisi ndio hatutasikia."

Mzigo wenyewe ndio huo. Alikuwa ameshika spana mkononi, na boliti ilikuwa moja tu. Akiufungua mnyororo, anaiba zamu ya aliyeomba kwa adabu. Asipokwenda kibandani, anaiba zamu ya vijiji sita ambavyo havijamkosea mtu. Baba yake hakuwahi kumfundisha la kufanya pale unapokuwa umesimama kwenye mlango usio wako, kati ya watu wawili wenye kiu.

Kisha akakumbuka jambo dogo, la kanuni tu. Mtu hatoi zamu ya mwenzake, hata mwenyekiti wa kamati hana ruhusa hiyo. Zamu inatolewa na mwenye nayo. Akatoa simu kifuani alikoihifadhi isigande, akampigia mama yake.

* * *

"Shimbonyi, Mae."

"Shimbonyi, mwanangu. Maji yamekaribia?"

"Mae, kuna mtu anaomba zamu yako."

Upande wa pili palikuwa na kuku, na mtu anakwangua sufuria. Kukwangua kukakoma. "Nani? Kama ni mdogo wake baba yako, mwambie nilimpa mwezi wa nne na hajarudisha mpaka leo."

"Si yeye. Ni barafu."

Aikande alimweleza. Safari hii alieleza vizuri, kwa sababu kwa mama yake hakuhitaji kueleza maana ya kugonga. Aliposema habari za nuru iliyopita chini ya kifua chake mara tatu, alisikia mama yake akivuta kigoda.

"Imebisha tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi iko mlangoni, na wewe unaitafuta kwenye waya."

"Ndiyo, Mae."

"Na sisi tulipokuwa tunaigongea, miaka yote hiyo, tulikuwa tunaisubiri ijibu?"

"Hapana."

Aikande alijua mama yake anatazama miche. Kutoka pale anapokaa huwezi kutazama kitu kingine. Miche ile aliibebea mbolea kichwani, mwanamke wa miaka sitini na saba, ndoo kwa ndoo.

"Na wale wengine watano?" aliuliza mama.

"Sigusi ya mtu, Mae. Na ya wenzako wa mfereji wetu pia sigusi. Ni siku zako mbili tu. Siku ya tatu nawashia wengine."

"Siku mbili zangu ndizo miche yangu."

"Najua."

"Unajua," alisema mama, bila hasira. "Haya. Subiri usikate."

Zikasikika hatua, na mlango wa banda, na pumzi za mtu anayeteremka mteremko mrefu. Aikande aliiweka simu kati yake na Shekiondo. Njia ya kwenda mlangoni mwa mfereji aliijua kwa miguu, na alimfuata mama yake kwa masikio: hapa kwenye mizizi, hapa kwenye mgomba ulioanguka, hapa kwenye kijidaraja. Hatua zikasimama.

Kisigino cha jembe kiligonga jiwe mara mbili, kwa nguvu, moja baada ya nyingine bila kupumzika.

"Umesikia?" alisema Ndeanasia. "Sasa ipelekee. Na uiambie irudishe, isiwe kama baba yako mdogo."

* * *

Aikande alichomoa waya mrefu kutoka kwenye boksi la vifaa, akaufunga ncha moja kwenye betri ya Mkaidi. Ncha ya pili akaigusisha kwenye mnyororo. Cheche. Akasubiri pumzi moja, akagusa tena. Cheche.

Mshale wa mita ulilala. Dakika ikapita, ikapita ya pili. Haukuruka. Barafu ilikuwa imeacha kubisha.

Shekiondo ndiye aliyeona kwanza. Alimgusa Aikande begani akaonyesha upande wa genge. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka Shira huko chini, mweupe, polepole, bila upepo wa kuusukuma, maana upepo ulikuwa unavuma upande wa pili. Ulikuja ukiwa chini, ukifuata uwanda kama mtu anayeijua njia ya nyumbani kwake. Ukawafikia kwenye vifundo, ukawafikia kiunoni. Kisha, juu yao jua likiwa linawaka, theluji ikaanza kudondoka kutoka hewani mbele ya nyuso zao, punje ndogo kavu, kila moja ikimetameta. Iliangukia uwanda wote wa magharibi. Aikande alitoa ulimi akaionja kama alivyotaka kufanya alipokuwa mtoto, na haikuwa na ladha yoyote, na alilia kidogo na hakujificha.

Waliondoka na mnyororo ukiburuzika. Mkaidi hakuzimika hata mara moja.

* * *

Walifika kibandani saa saba na nusu, wakabeba betri kwa kusukumana na kutukanana kwa upole, wakaiunga. Mikono sita ya swichi ilikuwa ukutani, kila mmoja na jina la mfereji wake kwa rangi nyekundu iliyochakaa. Saa nane kasoro dakika moja, Aikande aliondoa ule mpango wa mitambo wa kugonga na kuchukua kwa mpigo mmoja. Alitaka kugonga kwa mkono. Akaiweka mita kwenye waya wa mfereji wa kwanza, akaugusisha umeme mara tatu.

Kisha akakaa juu ya boksi la vifaa.

"Unafanya nini?" aliuliza Shekiondo.

"Nasubiri."

Saa nane ikafika. Ikapita. Huko chini watu walikuwa wamesimama kwenye milango ya mifereji wakisikiliza kama maji yanakuja. Dakika tano. Dakika kumi na mbili. Shekiondo aliitazama saa yake, akamtazama Aikande, akaitazama tena.

"Na ikijibu moja?"

"Sijui, kaka."

Lilikuwa jibu la kweli. Alikuwa ameweka vijiji vitano kwenye mshale wa mita, na kama ungeruka mara moja na kutulia, hakujua kama angekuwa na ujasiri wa kuuheshimu, au uovu wa kuupuuza. Miaka ishirini na miwili hakuna mtu aliyekaa kibandani humu akangoja, na sasa alielewa kwa nini: kungoja ni kukubali kwamba unaweza kunyimwa.

Saa nane na dakika kumi na tisa mshale uliruka.

Ukalala. Shekiondo alishika ukuta. Nje theluji iliendelea kudondoka bila sauti, na ndani ya kibanda kulisikika pumzi mbili tu.

Ukaruka tena.

Aikande aliinuka akashusha mkono wa kwanza. Akagonga wa pili akasubiri, wa tatu akasubiri, wa nne, wa tano, na kila mmoja ulijibiwa mara mbili, kila jibu likija upesi kuliko lililotangulia. Chini ya sakafu maji yakaanza kunguruma kwenye mabomba, yakiteremka kwa watu.

Wa sita hakuugusa. Aliutazama tu jinsi ulivyosimama, na jina la ukoo wake juu yake, akampigia mama yake kumwambia aitandazie miche nyasi, angalau udongo ushike unyevu hizo siku mbili.